Mzee Mbusa Anselme, Aliyefika Barrière Akitetemeka

Wapendwa ndugu, majirani, wakristo wa shirika letu la Nyakasanza hapa Bunia, na ninyi mliotoka mbali kuja kulia pamoja nasi: tunawasomea maisha ya Mzee Mbusa Anselme, baba yetu na babu yetu, ambaye sisi wajukuu tulimwita Tate.

Mwezi wa Desemba, alipokwisha kufahamu kwamba hatapona, alimwita binti yake Mbambu Solange karibu na kitanda, akamwambia: "Siku ya kunizika, musiseme nilikuwa mutu ya ujasiri. Batu bote ba Kilo bananijua. Batu batacheka mbele ya sanduku, na weye utapata haya."

Solange akamuuliza, "Sasa Papa, tutasema nini?"

"Museme kweli. Mungu naye atakuwa anasikiliza."

Kwa hiyo tutasema kweli, kadiri tulivyoishuhudia na kadiri yeye mwenyewe alivyotusimulia.

Mzee Mbusa alizaliwa tarehe 14 Machi 1936 huko Musienene, upande wa Lubero, akiwa mtoto wa kiume wa sita, kama jina Mbusa linavyoonyesha kwetu. Baba yake, Mzee Kule, alikuwa mhunzi na mwindaji. Katika nyumba ile kulikuwa na desturi moja ambayo marehemu aliishika maisha yake karibu yote: kisu cha kuwinda hakitolewi zawadi kikiwa na mpini. Anayetoa anafua chuma na kukinoa. Anayepokea anatafuta mti wake na kutia mpini kwa mikono yake, katika moto wa nyumba yake. Walisema mkono wa mtu mwingine hauwezi kukupimia mahali pa kushika.

Alisoma shule ya misheni mpaka mwaka wa tano. Mwalimu wake wa katekisimu alimpa kazi ya kuwasha mishumaa kanisani kabla ya misa ya asubuhi, wakati ndani bado kuna giza. Aliipenda kazi hiyo, lakini aliogopa giza. Basi alianza kuimba kwa sauti kubwa tangu mlangoni, ili chochote kilichokuwa ndani kipate nafasi ya kutoka. Padri alidhani mtoto yule ana wito. Mama yake, aliyejua sababu, alimwacha padri aamini hivyo.

Mwaka 1957 alikuja Kilo kutafuta kazi kwenye migodi ya dhahabu. Walimweka chini ya ardhi, kwenye kundi la mafundi waliosimamisha miti ya kuzuia udongo usianguke. Alidumu huko miezi michache. Siku moja alimwendea msimamizi wake, akavua kofia, akasema mbele ya wenzake wote kwamba anaogopa kufa humo. Wenzake walicheka, lakini msimamizi alimpeleka kwenye karakana ya seremala juu, naye alifanya kazi hapo mpaka mwaka 1991. Milango mingi ya Kilo ilitoka mikononi mwake. Siku za Jumapili, baada ya misa, aliingia msituni na wenzake, wakiwa na nyavu na mbwa. Yeye alikuwa mtu wa kisu: mboloko, yule swala mdogo wa msituni, akinaswa kwenye wavu, kazi yake ilikuwa kumaliza haraka, mnyama asiteseke. Hata hapo aliogopa. Alikuwa akisema kwamba mwindaji asiyeogopa hana masikio.

Tarehe 8 Julai 1961 alifunga ndoa takatifu na Kavira Godelive, katika parokia ya Kilo. Mungu aliwajalia watoto watano. Mama Kavira alikuwa mwanamke wa sauti kubwa na mkono mwepesi, na ni yeye aliyewafukuza mbwa, walevi na wakusanya kodi. Wakati mtu alipogonga mlango baada ya giza, Mzee alikuwa akimwambia, "Godé, angalia nani," naye anaenda. Walicheka juu ya jambo hilo maisha yao yote.

Mwaka 2003 watu wenye silaha waliingia Kilo nyumba kwa nyumba. Walikuwa wanatafuta silaha na watu wa kulaumu. Kisu cha Mzee kilikuwa kimening'inia mlangoni, kile alichopewa na baba yake. Alipowasikia kwa jirani, alikichukua akakitupa chooni. Walipofika wakamuuliza, alisema, "Mimi sina kisu. Sijawinda hata siku moja." Wakamwacha. Jirani yake, aliyekutwa na panga la shamba, hakuachwa. Mzee aliona lililofanyika pale uani, wala hatutalisoma hapa.

Tangu siku hiyo hakuweza kukaa chumba kimoja na kisu chenye ncha. Yeye na Mama Kavira walipokimbilia Bunia, kwa Solange, ilibidi visu vya jikoni vifunikwe kitambaa. Nyama ilikatwa nyuma ya nyumba. Mama Kavira alichukua tupa, akazikata ncha za visu vyote. Mwaka 2006, watu walipoanza kurudi, nao walirudi Kilo kwenye shamba lao, na tarehe 2 Novemba 2007 Mama Kavira alifariki kwa malaria. Mzee akabaki na mlango ambao sasa alipaswa kuufungua mwenyewe.

Sasa tufike kwenye habari ya Prudent, kwa sababu bila hiyo hamtamjua.

Krismasi ya 2008 Mzee alikuwa Bunia pamoja nasi. Akiwa mezani alisimulia kwamba mboloko mmoja alipita karibu sana na shamba lake, akasimama, akamtazama. "Mukono yangu ikafunguka yenyewe," alisema. "Ikatafuta kitu." Kisha akatazama mkono wake kama vile ni wa mtu mwingine. Watu waliendelea kula. Lakini Prudent, mtoto wa Solange, aliyekuwa na miaka ishirini na mbili na diploma ya ufundi, alisikia.

Alikuwa akifanya kazi kwa fundi Firmin, mtu wa Mahagi, mwenye karakana ya vyuma hapa Bunia. Akapata kipande cha resori, ile springi ya lori bovu. Jioni, baada ya kazi ya wateja, alikipasha kwenye makaa mpaka kikawa chekundu, akakikata kwa patasi, akakifua. Kisu cha kwanza alikizimisha kwa maji, kikapasuka kwa mlio kama wa kikombe. Cha pili alikizimisha ndani ya mawese, kisha akakirudisha karibu na moto, polepole, mpaka rangi yake ikawa kama ya majani makavu. Hicho kilikuwa chembamba, kirefu kidogo kuliko kiganja na vidole, chenye ncha, na nyuma yake mkia mwembamba wa kuingia ndani ya mpini.

Fundi Firmin alikipima kidoleni, akasema, "Iko muzuri. Tia mupini basi, mbao iko pale."

"Hapana, mufundi. Kwetu Tate njo anatia mupini, yeye mwenyewe."

"Ninyi watu ya Lubero! Siye ya Mahagi tunatoa kisu na mupini yake, hata kwa mama mukwe."

"Na mama mukwe anafurahi?"

"Anatukimbia," alisema Firmin, "lakini na zawadi yake mukononi."

Solange hakucheka alipokiona. "Kisu? Kwa Papa? Mwenye aliumwa na nyoka anakimbia hata kamba, na weye unamupelekea nyoka yenyewe?"

"Mama, mukono yake inatafuta."

"Inatafuta, lakini moyo yake? Na barabara? Batu banasema nini kila siku kuhusu barabara?"

Ni kweli kwamba watu walikuwa wanasema. Vita vilikuwa vimekwisha kwenye redio, lakini kulikuwa na habari za mapigano kule Gety, na uvumi kwamba vijana fulani wanakusanya tena mikuki na mishale. Kila mtu aliogopa kila mtu, askari pia. Solange alimwomba mwanawe asubiri. Prudent alisubiri Pasaka ipite, na siku ya Jumamosi tarehe 18 Aprili 2009 akapanda pikipiki ya Moïse, kijana wa Kilo aliyebeba abiria, akiwa na kisu kwenye mfuko, kimefungwa kwa karatasi ya gazeti.

Pale Iga Barrière, kwenye kizuizi cha barabara, askari walikagua mizigo. Mmoja alifungua gazeti. Ndipo desturi ya nyumba yetu ilipotugeukia. Kisu kisicho na mpini, chembamba, chenye ncha upande mmoja na mkia upande mwingine, kilionekana kama kichwa cha mkuki kilicho tayari kupigiliwa kwenye mti.

"Hii nini?"

"Kisu, afande. Ni ya tate yangu, iko Kilo."

"Kisu? Mupini iko wapi?"

"Tate njo atatia mupini."

"Mumusikie huyu!" askari akawaambia wenzake. "Anapeleka mukuki, anasema ni zawadi ya koko, ya babu yake. Ngapi ulikwisha kupeleka?"

Walimfungia ndani ya kontena ya chuma. Walimwambia kwamba asubuhi atapelekwa kwa wale wanaojua kuwasemesha watu wa mikuki. Simu yake ilichukuliwa. Moïse walimwacha aende, naye alikwenda moja kwa moja Kilo, kwa Mzee.

Majirani walijaa uani. Wote walimshauri abaki. "Muzee, ukisema kisu ni yako, batakufunga na weye. Tutatuma mutu ya kanisa." Mzee alienda chooni mara nyingi kwa hofu, na kila alipokawia walidhani ameamua kubaki. Usiku ule hakulala. Kulipokucha alitoka akiwa amevaa koti la misa, na mkononi ana kipande cha mti wa mpera, kikavu, alichokuwa amekiweka kwa ajili ya jembe.

Akasema, "Ile siku nilisema sina kisu, nikaishi. Leo nikisema sina kisu, mutoto anakufa." Akapanda pikipiki.

Moïse yuko hapa kati yetu leo, naye anaweza kushuhudia. Njia nzima Mzee alisali rozari kwa sauti, amemkumbatia kiunoni kwa nguvu mpaka kikamuuma.

"Tate, punguza kidogo, sisikie injini."

"Kama injini inakufa utajua. Endesha."

Walifika Iga wakati askari wanapika. Komanda, mtu mnene aliyevaa ndala, aliletewa habari kwamba mwenye mkuki amekuja. Akamtazama mzee yule mwenye koti na kipande cha mti.

"Weye njo mwenye mukuki?"

"Njo mimi mwenye kisu." Sauti ilimtoka kidogo sana, akalazimika kurudia.

"Unatetemeka, muzee. Unaficha nini?"

"Sifichi kitu, komanda. Naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Bunduki. Na weye. Na ule mutoto kule ndani, minaogopa juu yake kupita vyote."

Askari wengine walicheka. Komanda hakucheka. Mzee akasema, "Munipe ile chuma, na munipe moto. Mutaona kama ni mukuki."

Komanda alifikiri, kisha akaagiza kiletwe. Mzee aliponyoosha mkono, mkono ulirudi wenyewe. Alijaribu tena. Miaka sita hakuwa amegusa chuma chenye ncha. Alipokishika, askari kijana aliyesimama karibu alirudi nyuma na kuinua bunduki, akapiga kelele, "Polepole, muzee! Polepole!" Prudent, aliyekuwa akichungulia kwenye upenyo wa mlango wa kontena, alitusimulia kwamba wakati huo hapakuwa na mtu hata mmoja pale asiyeogopa.

Mzee alipiga magoti kwenye moto wao, chini ya sufuria ya maharagi. Akaingiza mkia wa kisu katikati ya makaa, huku ameshika ubapa kwa kofia yake. Ulipokuwa mwekundu aliusukuma ndani ya mpera. Moshi ukatoka, mti ukalia. Akautoa mkia, akaurudisha motoni, akausukuma tena, kisha akagongagonga kwa jiwe mpaka ukazama wote. Lakini mikono ilikuwa inatetemeka muda wote, na mpini uliingia upande.

"Mupini yako imepinda," alisema komanda.

"Ningekuwa nyumbani ingesimama."

Nyuma ya jiko lao kulikuwa na paja la mbuzi limening'inia. Komanda akalionyesha. "Kama ni kisu, kata."

Mzee akaenda. Midomo yake ilikuwa inasali. Alipapasa kiungo kwa kidole gumba, akaingiza ncha, akazungusha, na mfupa ukaachia bila kupasuka. Alikata nyama yote vile, kipande baada ya kipande, akivipanga juu ya jani la mgomba, na machozi yanamtoka, asiweze kuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na mafuta. Komanda aliokota mfupa, akaugeuza, akatafuta hata kipande kidogo kilichovunjika, hakuona.

"Mukuki haiwezi kukata hivi," alisema. "Mutoe kijana."

Mlango ukafunguliwa. Prudent alitoka na jicho limevimba, akatembea kwa miguu yake. Komanda alimrudishia Mzee kisu, akasema maneno ambayo tumeyarudia mara nyingi katika familia: "Siku ingine, mutie mupini kwenu Bunia. Mutaua batu na hizi desturi zenu."

Waliondoka watatu kwenye pikipiki moja. Walipovuka mto Mzee alimsimamisha Moïse, akashuka, akatapika kando ya barabara. Kisha akamchapa Prudent mabega kwa kofia yake, mara nyingi, mpaka kofia ikaanguka. Ndipo akamshika kichwa kwa mikono miwili na kukaa hivyo.

Mwezi wa Juni mwaka huo alikusanya familia na kusema kwamba kuanzia siku hiyo, katika nyumba ya Mbusa, kisu kinatolewa na mpini wake. "Desturi ilitaka kutuulia mutoto. Baba yangu angekuwa hapa, angeiacha yeye mwenyewe."

Alirudi msituni na wenzake mpaka mwaka 2012. Msimwone kama mtu aliyepona. Visu vya wengine vilibaki chini ya kitambaa, na mlango ulipogongwa alisimama kwanza nyuma ya kabati. Lakini nyama ya mboloko ilirudi mezani, na sikukuu za majirani aliitwa kukata, akaenda.

Mwaka 2013 miguu yake ilianza kuvimba na pumzi kuwa fupi. Aliletwa Bunia kwa Solange, madaktari wakasema ni moyo. Alipata dawa, akapata nafuu, akazidiwa tena. Desemba iliyopita Abbé Félicien alikuja kumpaka mafuta ya wagonjwa. Mzee alimwambia, "Padri, naogopa." Abbé hakumkemea. Akamkumbusha kwamba Bwana wetu naye, kule bustanini, alitoka jasho kwa hofu na kuomba kikombe kipite. Mzee alifikiri, kisha akasema, "Kumbe niko na mwenzangu."

Siku ya Jumanne tarehe 20 Januari 2015, asubuhi, Solange alikuwa akimpoozea chai. Mzee aliuliza Prudent yuko wapi. Solange akamwambia amekwenda kazini, amefika salama, amepiga simu. Akasema, "Vizuri." Solange alipogeuka na kikombe, baba yetu alikuwa amekwisha kutuacha. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minane.

Aliomba azikwe Kilo, karibu na Mama Kavira. Familia ilikaa na kujadili. Wiki hii barabara haisemwi vizuri, na hakuna aliyeweza kutuhakikishia kwamba watu wote watakaosindikiza sanduku watarudi. Kaka Alphonse alitaka twende. Prudent alisema hapana, Tate asingependa hata mmoja wetu asimamishwe pale kwa ajili yake. Tumeogopa, ndugu zetu. Tunamzika hapa Bunia, na tunamwomba Mama Kavira atuvumilie mpaka njia ifunguke.

Mzee Mbusa ametanguliwa na mke wake Kavira Godelive na watoto wawili. Ameacha watoto watatu: Alphonse aliyeko Butembo, Mbambu Solange wa hapa Bunia, na Aimée wa Beni. Ameacha wakwe, wajukuu kumi na wanne, na vitukuu sita. Kati ya wajukuu hao yuko Prudent, na kati ya vitukuu hao wako watoto wawili wa Prudent, ambao wangekosa kuzaliwa kama mtu mwenye hofu angebaki nyumbani Jumapili ile.

Ee Bwana, umpokee mtumishi wako Anselme. Umpe usingizi usio na kustuka, na mlango wake ukigongwa, uwe wewe mwenyewe unayegonga.